UZI: Ardhi ya Oldupai inatunza mifupa, ya Kilimanjaro inaila. Tutajuaje watu wa kale walikula nini?

#1 MfukuaTabaka (Arusha)

Wakuu, heshima kwenu. Ukikaa Arusha utaisikia sana sentensi hii kutoka kwa wanaorudi Oldupai: "watu wa kale walikuwa wala nyama." Naomba tuichambue kwa ushahidi, kwa sababu inasemwa kana kwamba imekwisha kuthibitishwa.

Chanzo chake kinaeleweka. Pale FLK, sehemu moja ya bonde la Oldupai ambapo Mary Leakey alipata fuvu la Zinj (kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu) tarehe 17 Julai 1959, zilitoka mbavu, mapaja na mataya ya wanyama wakubwa, vipande kama 3,500, pamoja na mawe yaliyochongwa zaidi ya 2,400. Vyote vilikuwa kwenye tabaka moja lenye umri wa karibu miaka milioni 1.84. Mbele ya lundo kama hilo, ni wachache wanaokumbuka kuuliza mizizi, matunda na asali viko wapi.

Jibu liko kwenye udongo wenyewe. Matabaka ya Oldupai ni majivu ya volkano na tope la kando ya ziwa la magadi. Ni ardhi yenye alkali, na mfupa uliofunikwa haraka humo unageuka jiwe badala ya kuyeyuka. Sasa panda Kibosho, au mteremko wa Meru unaopata mvua nyingi. Udongo mwekundu wa kule umesuuzwa na mvua kwa miaka mingi hadi ukawa na tindikali, na tindikali hula madini ya mfupa. Ng'ombe aliyechinjwa kihambani miaka 1,500 iliyopita anaweza asiache hata jino. Safari ya gari ya siku moja inakutoa kwenye ardhi inayotunza mifupa na kukufikisha kwenye ardhi inayoimaliza.

Kwa hiyo kabla ya kuandika "hawakula kitu fulani", uliza kwanza: je, ardhi hii ingeweza kukitunza? Mliobobea kwenye mifupa, mbegu, vigae na meno, karibuni. Wekeni hatua na vipimo vyenu, na semeni mambo yanaharibikia wapi.

#2 LenziKumi (Arusha)

Nianze na mifupa, kwa sababu hata hapo penye ushahidi mwingi watu wanasoma vibaya.

Mfupa kukutwa karibu na jiwe lililochongwa hakuthibitishi kwamba mtu aliula. Ukingo wa maji unakusanya vyote: simba anaua pale, fisi anabeba, maji yanasomba. Kinachothibitisha ni alama juu ya mfupa. Unahitaji lenzi inayokuza mara 10 hadi 20 na taa kali iliyolazwa ubavuni mwa mfupa. Mwanga ukishuka wima kutoka juu, alama zinapotea.

Alama ya kukatia kwa jiwe ni mfereji mwembamba wenye umbo la V, na ndani yake kuna mistari midogo sambamba iliyoachwa na makali yasiyo laini. Alama ya jino la fisi au simba ni pana, sakafu yake imepinda kama U, na haina mistari hiyo. Mfupa uliogongwa kwa jiwe ili kutoa uboho una kishimo chenye mikwaruzo midogo pembeni, na kando yake mara nyingi panakuwa na pengo lililomeguka kuelekea ndani.

Panapopotosha watu wengi ni kukanyagwa. Nyumbu wakipita juu ya mfupa uliolala kwenye mchanga wenye chembe kali, wanaacha mikwaruzo inayofanana sana na ya kisu cha jiwe. Utaitambua kwa wingi wake: ni myembamba, haina kina, inakatizana ovyo na iko popote juu ya mfupa. Mchinjaji ana sababu ya kila mkato, kwa hiyo mikato yake iko penye kano, kwenye maungio, au pale msuli unaposhikilia. Kuna mifupa ya Dikika, Ethiopia, yenye umri wa miaka kama milioni 3.4, ambayo bado inabishaniwa kwa sababu hii hii: wengine wanaona mikato, wengine wanaona kukanyagwa au meno ya mamba.

Jambo dogo lenye faida kubwa: angalia rangi ndani ya alama. Ikiwa nyeupe kuliko uso wa mfupa, imetengenezwa na mwiko wa mfukuaji jana. Alama ya kale ina rangi moja na mfupa wote.

#3 KihambaJuu (Moshi)

Mkuu LenziKumi, tukishakubaliana kwamba pale FLK nyama ilikatwa kweli, bado swali ni moja: waliwinda, au walisubiri simba ashibe?

#4 LenziKumi (Arusha)

Angalia mahali pa mikato. Simba akipata mnyama anaanza na matumbo na nyama nono ya mapaja na mabega. Akiondoka, katikati ya mfupa wa paja panabaki vijinyama tu. Ukikuta mikato mingi katikati ya mapaja na mikono ya juu, maana yake aliyekata alikuta nyama bado ipo, yaani alifika mapema. Ukikuta meno ya simba ndiyo mengi pale katikati, na binadamu ameacha alama za kugonga tu, basi alifika mwishoni akaambulia uboho.

Pale FLK mikato ya katikati ipo ya kutosha. Ubishi uliobaki ni juu ya alama za meno, kwamba ni ngapi hasa, kwa sababu baadhi ya zilizohesabiwa mwanzo zinaweza kuwa ni kulika kwa mfupa na mizizi ya mimea na vijidudu vya udongoni. Mimi naegemea upande wa kufika mapema. Fisi walipita baadaye, ndiyo maana vichwa vya mifupa vyenye mafuta havipo na vimebaki vigimba vya katikati.

#5 MfukuaTabaka (Arusha)

Shukrani. Niongeze habari ya Zinj mwenyewe, maana inaonyesha hatari ya kukisia chakula kwa kuangalia umbo la taya.

Magego yake ni makubwa ajabu na enameli yake, lile tabaka gumu la nje la jino, ni nene, ndiyo maana akapewa jina la utani la mpasua njugu. Kwa miaka mingi ilionekana ni jambo lililo wazi. Kisha mwaka 2008 uso wa meno ya jamii yake ukachunguzwa kwa hadubini, na vile vishimo vinavyoachwa na vitu vigumu havikuonekana. Kulikuwa na mikwaruzo myepesi. Mwaka 2011 enameli ya jamii hiyo kutoka Kenya ikapimwa isotopu za kaboni (aina za kaboni zinazotofautiana uzito), ikaonekana kwamba karibu asilimia 77 ya chakula chao ilitokana na mimea ya kundi la C4, yaani nyasi za ukanda wa joto na jamaa zake kama ndago. Taya lile lilikuwa la kutafuna kwa muda mrefu, mdomo mzima wa majani na viazi vidogo vya ndago.

Na mawe nayo si ya nyama peke yake. Kule Peninj, kando ya Ziwa Natron, mashoka ya mawe yenye umri wa miaka kama milioni 1.5 yalikutwa na fitolithi (vijiwe vidogo vya ndani ya mimea) za jamii ya migunga kwenye makali. Walikuwa wanachonga miti. Fimbo ya kuchimbia mizizi ingetoka kwenye kazi kama hiyo, lakini fimbo inaoza, jiwe linabaki.

#6 ChekecheLaMaji (Arusha)

Nimeisubiri sehemu hii. Mbegu zilizoungua zipo kwenye udongo wa makazi mengi ya kale, ila zinatupwa na mchanga kwa sababu hakuna aliyeelesha udongo, yaani kuukoroga majini ili mbegu zielee. Kazi yenyewe iko hivi.

Chukua udongo kutoka jikoni, kwenye shimo la taka, sakafuni na kwenye jivu, kila mahali mfuko wake na lebo yake mbili, moja ndani na moja nje. Debe moja la lita 20 kwa kila sampuli ni kipimo kizuri. Kama tabaka lina mkaa kidogo, chukua mawili. Usichague mahali penye mkaa tu, maana utakuwa umejipikia jibu. Chukua pia sampuli moja nje kabisa ya makazi ili ulinganishe.

Udongo uliolowa sana uanike kivulini kidogo, kwa sababu mkaa ulioshiba maji unazama. Weka lita tano hivi kwenye ndoo, jaza maji, koroga taratibu kwa mkono, mkono wazi na si mti. Mkaa na mbegu zinapanda juu. Mimina maji ya juu kupitia kitambaa chenye matundu ya milimita 0.25 hadi 0.3. Usimimine matope. Jaza tena, koroga, mimina, mara tatu au nne hadi pasielee kitu. Kinachobaki chini kisafishe juu ya wavu wa milimita 1: humo utapata mifupa ya samaki, shanga, vipande vya mawe na mbegu nzito zilizokataa kuelea. Usikitupe.

Kilichonaswa kwenye kitambaa funga, tundika kivulini, kikauke polepole siku mbili tatu. Jua la mchana linapasua mbegu iliyoungua. Ukiifunga ikiwa na unyevu ndani ya plastiki, ukungu utaimaliza kabla haijafika maabara.

Udongo wa mfinyanzi unaogoma kuachia, uloweke saa kadhaa kwenye maji yenye baikaboneti ya soda, ile ya kuokea mikate. Lakini udongo uliokusudia kuupeleka kwenye vipimo vya kikemia utenge mapema, usiuguse na soda.

#7 Themi77 (Arusha)

Mkuu, hivyo vitambaa vya matundu madogo si rahisi kupata. Chandarua hakifai?

#8 ChekecheLaMaji (Arusha)

Hakifai. Tundu la chandarua linazidi milimita moja. Mtama utanaswa, lakini ulezi uliosinyaa kwa moto, mchicha pori na mbegu za nyasi zitapita zote, halafu utaandika kwamba watu wale walilima mtama tu. Tafuta kitambaa chepesi cha pazia au shifoni, kipime kwa kuweka rula chini ya lenzi na kuhesabu matundu ndani ya sentimita moja. Ukihesabu 30 au zaidi, endelea.

Pima pia uwezo wako. Unguza mbegu 100 za mmea ambao hauwezi kuwepo pale, wengi wanatumia za mpopi, zichanganye kwenye sampuli moja kisha uieleshe. Ukipata 90, kazi yako ni nzuri. Ukipata 40, makosa yako kwenye mkono au kitambaa. Usitumie mchicha kwa jaribio hili, kwa sababu unaota wenyewe popote palipokaliwa na watu, na hutajua ipi ni yako.

Na mbegu yoyote isiyoungua kwenye udongo mkavu wa kawaida ihesabu kuwa ni ya juzi hadi ithibitishwe vingine. Mchwa, panya na mizizi vinashusha mbegu chini na kupandisha nyingine juu. Ndiyo maana siku hizi punje yenyewe ndiyo inayopelekwa kupimwa umri, miligramu chache zinatosha. Mkaa uliokuwa kando yake unaweza kuwa wa mti uliokufa karne mbili kabla ya kuchomwa.

#9 MamaUlezi (Moshi)

Kaka ChekecheLaMaji ameeleza vizuri, ila msomaji asiondoke akidhani kuelesha kunaleta mlo mzima. Kunaleta kile tu kilichopita karibu na moto na kikakosa hewa. Punje inageuka mkaa kwenye joto la nyuzi kati ya 250 na 400 hivi. Chini ya hapo inaoza baadaye, na moto mkali wenye hewa unaigeuza jivu. Kwa hiyo nafaka inayokaangwa, kukaushwa juu ya dari la jikoni au kupepetwa karibu na mafiga ina nafasi kubwa ya kubaki. Mboga ya majani iliyochemshwa haina. Kiazi kikuu kilichomenywa hakina. Ndizi iliyopondwa kuwa mtori ndiyo haina kabisa.

Hata ulezi wa mbege una tatizo. Shayiri iliyooteshwa kwa pombe kule Ulaya na Mashariki ya Kati inatambulika kwa sababu punje nzima zilizochipua ziliungua zikabaki na alama za chipukizi. Kimea cha ulezi kinaanikwa na kusagwa kuwa unga kabla ya kukaribia moto. Punje nzima iliyochipua ikiungua, ni kwa bahati mbaya ya siku ile.

Kwa Afrika Mashariki, mahali palipofanyiwa kazi hii kwa subira ni Kakapel, magharibi mwa Kenya karibu na mpaka wa Uganda. Kule kunde zilipatikana zikiwa na umri wa karibu miaka 2,300, na ulezi na mtama vimo kwenye matabaka ya baadaye. Ilihitaji kuelesha udongo mwingi, kikapu baada ya kikapu.

#10 KihambaJuu (Moshi)

Dada MamaUlezi umegusa ndizi. Hapa ndipo penye uchungu kwetu. Mlo wenyewe wa mlima hauna ushahidi?

#11 MamaUlezi (Moshi)

Ndizi za kulimwa hazina mbegu, zina maji mengi, na hazihifadhiwi ghalani. Kinachobaki ni fitolithi: vijiwe vidogo vya silika vinavyojengeka ndani ya seli za mmea na kubaki udongoni mmea ukioza. Silika haisumbuliwi na tindikali ya wastani, kwa hiyo udongo wetu unaomeza mifupa unaweza kuzitunza. Fitolithi ya jani la mgomba ina umbo la kilima chenye kreta juu, kama Kibo iliyofinywa ikawa chembe.

Shida ya kwanza: mgomba mwitu wa kwetu, ule wa jenasi ya Ensete wenye mbegu kubwa nyeusi, una fitolithi zinazofanana. Unatofautisha kwa umbo la kreta na ukingo wake, na unahitaji kuhesabu nyingi, si mbili tatu. Fitolithi za ndizi zilizoripotiwa kutoka Nkang, Kameruni, za miaka kama 2,500 iliyopita, zilibishaniwa sana, na sababu moja ni hiyo hiyo.

Shida ya pili naiona kubwa zaidi. Fitolithi hizi nyingi ziko kwenye jani na kigogo, si kwenye tunda. Jani la mgomba linafunika chungu, linafungia chakula, linaezekea kibanda, linalishwa ng'ombe. Ukiikuta ndani ya chungu, umethibitisha kwamba mgomba ulikuwepo. Kwamba ndizi ililiwa, bado hujathibitisha.

Faida moja ya mimea ni kwamba mingine inakupa tarehe yenyewe. Mahindi, mihogo na maharage asili yake ni Amerika. Fitolithi au gunzi la mahindi likiwa chini ya sakafu, sakafu hiyo haiwezi kutangulia karne ya 16. Ina maana makande ya leo, mahindi na maharage, ni chungu kipya. Chungu cha kale zaidi kwenye nyanda zetu kingekuwa na mtama na kunde.

#12 KigaeKimoja (Arusha)

Nimesoma hadi hapa na naona vigae vimesahaulika, na vigae ndivyo vinavyosema habari ya maziwa.

Chungu kisichopakwa glezi kinanywa mafuta. Kila kikipikwa, mafuta yanaingia kwenye vitundu vya udongo, na humo yanaweza kukaa maelfu ya miaka. Kosa linaanzia shambani: kigae kinatoka, mtu anakisugua kwa brashi na maji, anakiandika namba kwa wino, anakipaka vanishi. Kwisha habari.

Utaratibu ni huu. Kishike kwa mwiko au koleo safi, au kwa glovu zisizo na poda. Mkono uliopakwa losheni au mafuta ya jua usikiguse. Kifungie kwenye foili ya alumini, kisha ndiyo mfuko. Plastiki ikigusana na kigae inaachia kemikali zinazoonekana kwenye mashine kama mlima. Chukua na udongo kidogo ulioshikana nacho, ujue mafuta gani yametoka ardhini. Na chagua mdomo na bega la chungu cha kupikia kuliko kitako: mafuta yanaelea yakichemka, kwa hiyo sehemu ya juu ndiyo inayoshiba zaidi.

Maabara wanakwangua uso wa nje, wanasaga gramu 2 hivi, wanavuta mafuta. Kisha wanapima isotopu za kaboni kwenye asidi mbili, palmitiki na steariki. Toa thamani ya palmitiki kwenye ya steariki. Tofauti ikishuka chini ya hasi 3.1 kwa elfu hivi, hayo ni maziwa. Kati ya hapo na hasi 1, ni mafuta ya mwili wa mnyama anayecheua. Ikizidi hapo, fikiria nguruwe, ndege au mmea. Inafanya kazi kwa sababu kiwele kinapokea sehemu ya asidi zake moja kwa moja kutoka kwenye damu, wakati mafuta ya mwili yanatengenezwa kwa njia nyingine.

Kwa njia hii vigae vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania, vikiwemo vya Luxmanda wilayani Babati, makazi ya karibu miaka 3,000, vilionyesha maziwa, nyama na mimea. Utafiti ulitoka mwaka 2020.

Tahadhari: chungu kilichopikiwa maziwa leo na nyama kesho kinatoa wastani wa vyote. Namba ikidondokea katikati, usilazimishe jibu. Na kibuyu hakina kigae. Wanaokamulia na kugandishia maziwa kwenye vibuyu hawaachi chochote kwa mashine hii.

#13 JinoLaMbele (Moshi)

Hapo kwenye vibuyu ndipo meno yanapookoa. Ule ukoga mgumu unaojijenga kwenye jino ni madini, na unafungia ndani yake wanga, vijiwe vya mimea na protini za chakula. Ndani ya ukoga wa watu wa kale wa Sudani na Kenya ilikutwa protini ya maziwa, ile inayoitwa beta-laktoglobulini. Inapatikana kwenye maziwa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ya binadamu hayana. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021, na ya kale zaidi yanakaribia miaka 6,000. Baadhi ya watu hao hawakuwa na maumbile ya kumeng'enya laktozi ukubwani, jambo ambalo halishangazi kwa jamii zinazogandisha maziwa, maana bakteria wa mgando wanaila laktozi kabla yako.

Kwa hiyo fuvu likitoka, jino lisisuguliwe. Miligramu 10 hadi 20 za ukoga zinatosha kwa vipimo kadhaa, lakini mswaki mmoja unaondoa vyote.

Kwenye wanga, adui ni chakula chetu wenyewe. Glovu nyingi za poda zimepakwa wanga wa mahindi. Ukizivaa kuchukua ukoga wa jino la miaka 3,000, utakuta mahindi, na utapata aibu. Glovu ziwe zisizo na poda, na ugali na chapati viliwe mbali na meza ya kazi. Weka bakuli la maji wazi mezani siku nzima, kisha chunguza kilichotua humo. Wanga unaofanana na huo usiuhesabu kwenye sampuli.

Jambo la isotopu pia linahitaji kuwekwa sawa, maana watu wanaliamini kupita kiasi. Anayeishi kwa mimea ya C3 peke yake, yaani ndizi, magimbi, viazi vikuu, kunde na matunda ya miti, kolajeni (protini ya mfupa) yake itasoma karibu hasi 21 kwa elfu kwenye kipimo cha kaboni. Wa C4 peke yake, yaani mtama, ulezi, uwele, atasoma karibu hasi 7. Umeona hasi 9 kwa mtu wa kale wa nyanda za Eyasi, umefurahi: mkulima wa mtama! Subiri. Ng'ombe anayekula nyasi za mbugani ni C4 mtupu, na anayeishi kwa maziwa na damu ya ng'ombe huyo atasoma vile vile. Kaboni peke yake haiwatenganishi.

Ndipo unapima nitrojeni, inayopanda kwa 3 hadi 5 kwa elfu kila hatua ya mlaji na mliwa. Nayo ina mtego: kwenye ardhi kame inapanda hata kwa swala. Kwa hiyo pima kwanza mbuzi, ng'ombe na swala wa tabaka hilo hilo, ujue ngazi ya chini iko wapi. Na kabla ya yote hakiki kolajeni yenyewe: uwiano wa kaboni kwa nitrojeni uwe kati ya 2.9 na 3.6, na iwe walau asilimia 1 ya uzito wa mfupa. Nje ya hapo unapima udongo. Kwenye joto letu kolajeni inakufa mapema, ndiyo maana kwa Oldupai hakuna anayeitafuta. Kule ni enameli tu.

#14 Themi77 (Arusha)

Engaruka je? Kule mashamba yenyewe yapo, mawe yake yanaonekana.

#15 MfukuaTabaka (Arusha)

Engaruka naipenda kwa sababu inapindua mambo: tunaona walivyolima kuliko tunavyoona walichokula. Ni hekta kama 2,000 za mashamba yaliyozungushiwa mawe yasiyounganishwa kwa saruji, yakinyweshwa kwa mifereji iliyochepushwa kutoka kwenye mito inayoshuka ukuta wa Bonde la Ufa. Makazi yalidumu takriban kati ya karne ya 15 na ya 18. Zao lililothibitishwa ni mtama, kwa punje zilizoungua.

Ukiangalia mawe kwa makini unaona kwamba baadhi ya mashamba hayakusawazishwa kwa jembe. Walijenga ukuta mfupi, wakaelekeza maji yenye tope, tope likatulia nyuma ya ukuta, maji yakapita. Ukuta ukiongezwa juu, shamba linapanda. Ukikata mtaro humo unaona tabaka nyembamba za tope laini na mchanga zikipokezana. Kwa hiyo punje au mkaa uliomo ndani ya tope hilo unaweza kuwa umesombwa kutoka juu, haukuunguzwa pale. Sampuli za kuamini chukua kwenye sakafu za nyumba mteremkoni.

Kuhusu mifugo, kuna maduara ya mawe ambayo baadhi wanayasoma kama mazizi. Hilo linaweza kupimwa. Utumbo wa ng'ombe, mbuzi na kondoo unatengeneza vitufe vidogo mno vya chokaa vinavyobaki kwenye samadi, na samadi inaacha fosfati nyingi. Vitufe hivyo vinadumu kwenye ardhi kavu ya alkali kama Engaruka. Kwa Moshi tindikali inavimaliza, utabaki na fosfati pekee. Kule Narok, Kenya, mazizi ya kale ya kati ya miaka 1,550 na 3,700 bado yanaonekana kama mabaka ya nyasi nzuri kuliko za jirani, kwa ajili ya samadi ile.

#16 KihambaJuu (Moshi)

Nauliza la mizizi na asali, maana majirani zetu Wahadzabe wa Eyasi wanaishi navyo hadi leo.

#17 LenziKumi (Arusha)

Hapo ndipo pengo letu kubwa lilipo. Mzizi unachimbwa kwa fimbo, unachomwa kwa dakika chache, unatafunwa, nyuzi zinatemwa. Hakuna chungu, hakuna mfupa, hakuna punje. Mahali pachache duniani ndipo palipotokea bahati, kama pango la Border Cave, Afrika Kusini: viazi-mizizi vya mmea wa Hypoxis viliungulia kwenye jivu miaka kama 170,000 iliyopita, vikabaki na umbo lao. Ni kwa sababu pango ni kavu na mtu alivisahau motoni.

Asali bila chungu haina shahidi. Penye chungu, nta inaonekana vizuri kwenye mashine, kama kwenye vyungu vya Nok, Nijeria, vya miaka kama 3,500. Wawindaji wa Eyasi wa miaka 20,000 iliyopita hawakuwa na vyungu.

Usichukue pia mlo wa Wahadzabe wa leo ukaubandika kwa watu wa Zinj. Wana mishale, moto, na majirani wanaobadilishana nao chuma na nafaka. Wanachotufundisha ni kitu gani kinaacha takataka na kipi hakiachi.

#18 Themi77 (Arusha)

Swali la mwisho. Mtu anachimba msingi wa nyumba huku kwetu, zinatoka vigae, mifupa na jivu. Aeleshe hapo hapo?

#19 MfukuaTabaka (Arusha)

Asieleshe, na asiendelee kuchimba pale. Mambo ya kale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kufukua bila kibali ni kosa. Apige picha akiweka rula au hata kalamu kwa kipimo, aandike kina kutoka usoni mwa ardhi, alichotoa akirudishe kivulini bila kukiosha, afunike shimo kwa turubai, atoe taarifa serikali ya kijiji au mtaa ili ifike Idara ya Mambo ya Kale. Makumbusho ya Elimu Viumbe pale Boma, katikati ya mji wa Arusha, nao watamwelekeza. Kigae kikishatoka mahali pake bila kina wala picha, kimebaki kuwa pambo.

#20 KigaeKimoja (Arusha)

Nirekebishe jambo moja kabla watu hawajachanganya #6 na #12. Vigae vidogo vinavyobaki kwenye wavu wa milimita 1 baada ya kuelesha msivipeleke kwenye kipimo cha mafuta, hasa kama mlitumia soda. Vigae vya mafuta vitoeni vikavu, moja kwa moja ardhini, kabla debe la udongo halijajazwa.

#21 ChekecheLaMaji (Arusha)

Sahihi kabisa, nilipaswa kuandika. Mpangilio uwe: kwanza vigae kwenye foili, pili kijiko cha udongo kwa fitolithi na vitufe vya samadi, tatu debe la kuelesha. Na kijiko kioshwe kila sampuli.